Maharamia wa Mwadingusha: Kamba Menoni

Haya, rudini mkae. Symphorien bado amefungwa mlingotini, na maji bado yanamvuta.

Ninyi wa mtaa wa Kikula mlioshinda wiki nzima mkinitukana kwenye simu, ati mimi sina huruma, ati mwandishi gani anamwacha mume wa mtu katikati ya ziwa halafu anakwenda kula bukari yake, nimewasikia. Lakini si mimi niliyemfunga. Aliyemfunga ni Arsène, mkuu wa filamu, kwa mnyororo wa kweli na kufuli la kweli, kwa sababu alisema filamu ya maharamia yenye mnyororo wa karatasi ni mchezo wa watoto wa shule. Na mwenye ufunguo ni Clémentine, mke wa Symphorien, mtunza vifaa vya filamu hiyo. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la kikwembe chake. Mke yuko nchi kavu, mume yuko majini.

Kwa aliyefungia samaki gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma: Arsène amechukua hadithi ya kale ya maharamia, ile ya meli na sanduku la dhahabu, anaigeuza iwe filamu ya kwetu. Bahari hatuna, basi kundi zima likatoka Likasi likahamia ziwa la Mwadingusha, likaunda meli ya mbao juu ya mapipa matupu. Siku hiyo walikuwa wanapiga tukio la uasi: mabaharia wanamgeuka nahodha wao na kumfunga mlingotini. Nahodha ni Symphorien. Kamera ikawashwa, upepo wa mvua ukashuka, kamba ya nanga ikakatika. Meli ikaukanyaga mtumbwi wa kamera ukazama, kisha ikaanza safari yake yenyewe kuelekea kwenye bwawa, kule maji ya masika yanakomwagika juu ya ukuta.

Waasi wote waliruka majini. Nahodha angerukaje?

"Rolly!" Clémentine alipiga kelele. "Rolly, umemuacha!"

Rolly, muasi anayemwita yaya kila aliyemzidi umri, ndiye aliyeruka wa mwisho. Alikuwa anatambaa kwenye tope la ufukwe, koti lake la uharamia limemganda mwilini, anatapika maji.

"Simukumuacha, yaya. Nilitupa kamba pa ule muti ya kukauka, ule wa kati ya mayi. Imeshika. Angaria, bato imesimama!"

Clémentine akatazama. Kweli. Mbali kule, meli ilikuwa imesimama, imejikaza kwenye kamba iliyonasa kwenye mti mkavu uliochomoza majini. Moyo wake ukarudi mahali pake.

"Na upande wa mulingoti? Ulifunga fundo?"

Rolly akajifanya anakohoa.

"Rolly, ulifunga ao haukufunga?"

"Niliizungulusha tu. Mbele ya kufunga, mawimbi ilinitupa inje. Yaya Symphorien njo alishika mwisho ya kamba."

"Alishika na nini? Mikono yake si iko mu munyororo?"

"Na meno, yaya."

Jamani! Mtu mzima na akili zake, baba wa mtoto, amesimama kwenye meli ya mapipa akishikilia maisha yake kwa meno. Kamba ilikuwa imeuzunguka mlingoti, kwa hiyo uzito wote haukuwa juu ya taya lake, la sivyo zingebaki fizi tu. Lakini akiiachia ncha ile, mizunguko yote itafunguka na meli itakwenda.

"Rudia na ufunguo," Arsène alimwambia Rolly. "Weye unajua kuogelea."

"Minye?" Rolly akacheka kicheko kibaya. "Niue tu hapa, chef, itakuwa haraka."

Ndipo Clémentine alipoona mitumbwi miwili ya wavuvi. Ilikuwa imeshatoka bandarini, inakata maji moja kwa moja kuelekea kwenye meli. Hakuna aliyewatuma. Walimwona mtu kwenye hatari, wakaenda. Clémentine akapiga ishara ya msalaba, akambusu Rolly na tope lake lote.

Mitumbwi ilisogea. Ikakaribia. Ilibaki kidogo tu wamguse.

Ikageuka.

Ikageuka yote miwili kwa pamoja, ikarudi mbio, wavuvi wanapiga makasia kama wanaokimbia nyuki.

Clémentine hakuamini macho yake. Alikimbia kando ya maji, viatu vikabaki topeni, akafika bandarini wakati mtumbwi wa kwanza unagusa mchanga. Aliyeshuka alikuwa mzee Godefroid, mkubwa wa bandari ile, mtu mrefu mwenye mikono ya kuvuta nyavu.

"Papa, juu ya nini munarudia?"

"Weye njo mwenye ile bato?"

"Ni ya filme, papa. Bwana yangu iko pale!"

"Pole, mama. Bwana yako courant imeshamukamata."

"Courant gani?"

"Courant. Moto ya umeme. Hauone vile anatikisa kichwa? Bato yote iko na courant. Tumeona alama."

Alama!

Msomaji, hapa lazima nikwambie jambo. Arsène alitaka fuvu la mtu kwenye meli, maana maharamia bila fuvu ni wauza mihogo. Wachoraji wakachora la kwanza likatoka na sura ya mbuzi, la pili likawa linatabasamu. Clémentine akasema, niachieni mimi. Akaenda sokoni Likasi kwa wauza mitraye, wale wa vyuma chakavu, akarudi na vibati vya njano, kila kimoja na fuvu lake safi na mifupa miwili iliyopishana, kazi ya kiwandani. Akavisugua kwa mchanga mpaka vikang'aa, akavipigilia pande zote za meli kwa mkono wake mwenyewe. Siku ile kundi zima lilimpigia makofi.

Vibati hivyo ndivyo vinavyobandikwa kwenye nguzo na vibanda vya umeme. Chini ya fuvu pameandikwa: DANGER DE MORT. Na hapa si mtaa wa Panda wala katikati ya mji wa Likasi ambako watu wanatundika nguo kwenye nguzo. Hapa ni Mwadingusha, kwenye mitambo ya umeme wa maji. Mtoto wa hapa analijua fuvu lile kabla hajajua a, e, i, o, u.

"Papa, ile ni kibati tu! Ni minye nilipigilia, na mukono yangu hii! Nilinunua ku mitraye!"

"Mutoto yangu naye balimuambiaka vile," alisema Godefroid. "Eddy. Aliingiaka mu kabine ya courant kutosha inje ndege yake, iliingia mule. Banamuambia, enda tu, courant imekatika, ile ni kibati tu. Ni minye nilimubeba kutoka mule."

Wavuvi wote wakainamisha vichwa. Clémentine pia.

Lakini meno ya Symphorien hayakuwa na muda wa kungoja watu waomboleze.

"Pole sana, papa. Pole kabisa. Lakini pale hapana waya. Courant itatoka wapi?"

"Ku mayi," alijibu mvuvi mmoja kijana.

"Mayi haina courant!"

"Eh!" kijana akawageukia wenzake. "Munamusikia? Ku mashini ya Mwadingusha, ku mashini ya Koni, courant inazaliwa na nini? Si ni hii mayi? Mama, minye nilizaliwa hapa. Usinifundishe mayi ya kwetu."

Wakatikisa vichwa, wakakubaliana naye. Ukiwa na la kumjibu kijana yule, mjibu wewe.

Arsène akafika anahema, kofia yake ya ukuu imeanguka njiani. Akasema maneno mengi ya Kifaransa kuhusu sanaa na wajibu wa raia. Wavuvi wakaendelea kuvuta mitumbwi yao mchangani. Basi akakasirika, akashika mtumbwi mmoja, akaurukia, akapiga kasia. Mtumbwi ukazunguka. Akapiga tena, ukazunguka upande mwingine. Mara ya tatu ukampindukia kwenye maji ya magotini, na wavuvi wakaenda kumtoa bila hata kucheka.

Wakati huohuo meli ikashtuka. Watu wote bandarini waliiona. Ilirudi nyuma kidogo, ikasimama tena. Symphorien alikuwa ameteleza, amekaa chini ya mlingoti, shingo imenyooka, kichwa kimevutwa upande mmoja. Mzunguko mmoja wa kamba ulikuwa umefunguka.

"Papa, nakuomba," alisema Clémentine. Alipiga magoti. "Nitashika minye. Nitagusa minye, nikikufa nikufe minye. Unifikishe tu."

"Na nikikufikisha ukakufa, nitajibu nini kwenu?" Godefroid aligeuza uso. "Minye nimeshazika, mama. Aiwezekane."

Clémentine alimtazama. Akawatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo mimi ninayewaandikia nimeliandika nikalifuta mara mbili, na ninyi mlio na mama zenu karibu msiwasomee kwa sauti.

Alifungua kitambala chake cha kichwa, akakitupa. Upepo ukakichukua. Akakaa chini kwenye mchanga, akanyoosha miguu yote miwili mbele, akaweka mikono kichwani.

Akaanza kilio.

"Mama yooo! Symphorien yooo! Bwana yangu umeniacha! Umeniacha na nani, Symphorien? Yooo!"

Wavuvi waliruka nyuma kana kwamba amewamwagia maji ya moto.

"Mama, hapana!"

"Muzibe kinywa!"

"Muntu muzima habamuliaka!" Godefroid alipaza sauti. "Mama, unamuua! Simama!"

Kila mtu anajua. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwita kaburini kwa jina lake. Hata mwenda wazimu hafanyi hivyo. Clémentine naye alijua, amelelewa na mama mkali wa Shituru, na machozi aliyokuwa anayamwaga yalikuwa ya kweli, maana kila neno lililomtoka lilimtisha yeye kuliko wao. Lakini hakunyamaza.

"Juu ya nini nisimame? Weye njo umesema courant imemukamata. Basi amekufa! Kilio ni hapa! Muambie bamama balete mikeka. Balete makala, bapike bukari, kilio iko kwenu leo! Ndugu zake batatoka Likasi, batauliza, alikufia wapi? Nitabaonyesha hii port. Batauliza, alikufia mbele ya nani? Nitabaonyesha weye, papa Godefroid! Symphorien yooo!"

Hapo aliwapata. Kilio kikianza mahali, mahali hapo pana mwenyewe. Ni wewe utakayewapokea wakwe, ni wewe utakayewalisha, ni wewe utakayesimama katikati ya watu na kueleza marehemu alimalizikaje na wewe ulikuwa wapi. Hakuna bandari inayotaka kilio cha mgeni, tena mgeni ambaye bado anapumua, anaonekana kwa macho.

Godefroid alikuwa ameshika kichwa chake.

"Funika kichwa, mama," alisema mwishowe. "Nakuomba. Funga kinywa, funika kichwa, ingia mu bato. Twende."

Clémentine aliinuka kabla hajamaliza kusema. Hakutafuta kitambala.

"Lakini sikia," mzee alisema akiusukuma mtumbwi. "Nitakufikisha pembeni. Ile kichwa ya muntu ya ku kibati minye sigusi."

"Usiguse, papa. Endesha tu."

Wakaenda. Na mzee yule, niwaambieni, alijua kazi yake. Mtumbwi ulikata maji, mkondo ukausaidia, na Clémentine aliketi mbele na ufunguo ameufungua kwenye pindo, ameufumba ngumini mpaka unamuumiza. Alikuwa anasali Salamu Maria, anachanganya maneno, anarudia mwanzo. Nakuja, alikuwa anasema moyoni. Uma kamba, baba Glodie, uma tu, nakuja.

Walipofika nusu ya njia, Godefroid aliacha kupiga kasia.

"Unasikia?"

Clémentine alisikia. Kule nyuma walikotoka, kilio kilikuwa kinaendelea.

Mama Madeleine, muuza samaki wa kukausha kwenye bandari ya pili, alikuwa amemsikia Clémentine akilia. Na ninyi mnajua ilivyo kwetu. Mwanamke akisikia kilio haulizi ni cha nani. Anatupa alichoshika, anafungua kitambala, analia. Jina atalisikia mbele kwa mbele. Madeleine akaitupa beseni yake, akapokea. Wanawake waliokuwa wanaosha mihogo wakapokea kwa Madeleine. Bandari ya tatu ikapokea kwa ya pili. Clémentine alimwona Arsène kwa mbali, mdogo, amelowa, anakimbia kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine, anawapungia mikono wanyamaze, nao wanamshika, wanamkumbatia, wanalia naye, wakidhani ndiye mfiwa.

"Umeona kile umeamusha?" alisema Godefroid.

"Endesha, papa! Endesha!"

Sauti ilitanda juu ya maji. Maji hayazuii sauti, wavuvi wote wanalijua hilo. Ziwa zima lilikuwa linalia.

Sasa alimwona mumewe vizuri. Ndevu za katani alizombandikia asubuhi zilikuwa zimeng'oka upande mmoja. Kamba ilikuwa imeingia kwenye kona ya mdomo, damu inachuruzika mpaka kidevuni. Macho ameyafumba kwa kukaza. Lakini alikuwa hai, alikuwa anashikilia, na Clémentine alipenda kila jino lake.

"Symphorien!"

Akafumbua macho. Hakumtazama yeye kwanza. Alitazama ufukweni, kule sauti inakotoka. Akatega sikio. Kisha macho yakarudi, yakamwona mke wake ndani ya mtumbwi wa mtu asiyemjua, analia, kichwa wazi, nywele zimetimka.

Clémentine akaona rangi ya uso wa mumewe inabadilika, na hapo hapo akaelewa.

Asubuhi ile walikuwa wamegombana. Glodie, binti yao pekee, alikuwa ameamka na homa, mwili unawaka. Clémentine alitaka kubaki naye. Symphorien akasema hapana, filamu haitangoja, mtoto ana bibi yake, atameza dawa atalala. Wakaondoka hawasemeshani. Saa za mchana bibi akapiga simu: homa imeshuka, mtoto amekula, ameomba na samaki. Wakati huo Symphorien alikuwa ameshafungwa mlingotini, Arsène anapiga kelele kila mtu anyamaze, kamera tayari. Clémentine akasema, nitamwambia akitoka.

Hakumwambia.

Na sasa baba wa mtoto mgonjwa anaona nini? Kilio kimejaa ufukwe wote, na mama wa mtoto anakuja mbio juu ya maji, kichwa wazi.

"Hapana!" Clémentine alisimama, mtumbwi ukayumba. "Symphorien, hapana! Hapana ile! Usifungue kinywa! Uma kamba! Uma!"

Sauti ilimkauka. Upepo ulikuwa unampiga usoni, na nyuma yake wanawake wote wa Mwadingusha walikuwa wanalia kumshinda.

"Papa, piga! Piga, anataka kuuliza!"

Godefroid alipiga kasia mara moja, fuvu la njano likaja usoni pake kabisa, na mikono yake ikagoma. Ilibaki imeshika kasia hewani. Kati ya mtumbwi na meli ilikuwa nafasi ya kitanda tu.

Symphorien alijaribu, lazima niseme alijaribu. Aliuliza kwa macho kwanza. Akatikisa kichwa, akamgunia Clémentine kwa koo, kamba ikiwa bado menoni. Clémentine akatikisa mikono yote miwili: hapana, hapana! Lakini hapana ya nini? Mama anayekataa kifo cha mwanawe naye anatikisa mikono vilevile.

Akafungua kinywa.

"Ni Glodie?"

Kamba ikaruka. Ikazunguka mlingoti ikifunguka, ikampiga begani, ikapita juu ya ukingo, ikatumbukia. Meli ikaguna kwa mapipa yake yote kwa pamoja, ikageuka, ikaanza kwenda.

"Clémentine! Niambie! Ni mutoto?"

"Glodie ni muzima!" alipiga kelele Clémentine. "Amekula! Homa ilishuka! Ni weye! Ni weye tunalilia, Symphorien! Ni weye!"

Safari hii alisikia. Clémentine aliuona uso wake ukilegea wote, mabega yakashuka ndani ya mnyororo, na mtu yule mwenye mdomo uliopasuka, anayekokotwa kinyumenyume kuelekea kwenye ngurumo ya bwawa, akatabasamu.

"Amekula?" aliuliza. "Kweli? Aksanti, Mungu wangu. Basi vizuri."

"Kaa chini, mama!" Godefroid alikuwa anapiga kelele. "Hatuwezi tena! Kaa, nigeuze!"

Clémentine hakujua kuogelea. Alifumba ngumi juu ya ufunguo, akaruka.